Vyombo Vidogo Vilivyoulisha Mji Mkongwe

Vyumba vingi vya nyumba za kale za Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Kutoka ukuta wa mwanzo hadi wa mwisho mtu hupiga hatua kumi na zaidi, lakini akikata upande wa pili anafika mara moja: mita mbili na nusu, mita tatu, mara chache zaidi ya hapo. Si kwamba mafundi wa Shangani, Kiponda na Malindi walipenda kubanana. Sakafu za juu na mapaa ya nyumba hizo yalilazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Ikizidi kipimo hicho hulegea chini ya uzito wa mawe, udongo na chokaa. Kwa hiyo mti uliokatwa katika tope la delta ya Rufiji, zaidi ya kilomita 150 kusini, ndio uliompangia mwenye nyumba wa Unguja mahali pa kuweka kitanda chake.

Boriti hizo zilikuja kwa tanga. Kwa tanga pia ulikuja mtama wa Mrima, yaani pwani ya bara, mpunga wa Pemba, ng'ombe na nazi za Mafia, samli ya Barawa, kuni za kupikia, kuni za kuchomea chokaa, makuti ya kuezekea na mikeka ya kulalia. Mji uliojulikana duniani kwa karafuu na pembe za ndovu haukuwa na shamba lake la kuutosha, na sehemu kubwa ya kilichokuwa jikoni mwake kilivuka maji kwanza.

Historia ya Zanzibar imezoea kusimuliwa kwa vyombo vikubwa: mabaghala na mabumu yaliyoshuka na kaskazi kutoka Sur, Muskat, Shihiri na Kuwait, yakaondoka na kusi. Vyombo hivyo vilistahili sifa zake, lakini vilikuja mara moja kwa mwaka. Kati ya msimu na msimu watu walikula, walipika, walijenga na walizika, na mahitaji ya siku hizo zote yalifuatwa na mashua, madau na majahazi ya watu wa Unguja, Tumbatu, Pemba, Mafia na Mrima. Hao ndio waliokwenda kisiwa hadi kisiwa, wakijaza huku na kupakua kule, na bila wao Mji Mkongwe usingekuwapo.

Bahari yenye ratiba

Mkondo unaoitenga Unguja na bara una upana wa kilomita 35 hivi mahali pake pembamba. Kaskazini iko Pemba, kusini iko Mafia, na katikati vimetapakaa visiwa vidogo na mafungu yanayoonekana maji yakipwa na kupotea yakijaa. Kwa mwenye tanga, masafa haya hayapimwi kwa kilomita. Yanapimwa kwa upepo.

Kaskazi hushika mwezi wa Desemba na kuendelea hadi Machi, na chombo kinachokwenda kusini hupata njia nyepesi. Kuanzia Aprili hugeuka kusi, nayo hukisukuma kaskazini. Kati ya pepo hizo mbili huja maleleji, majira ya tanga mbili, ambapo nahodha anaweza kwenda na kurudi bila kusubiri miezi. Safari za karibu zilitegemea pia pepo za kutwa. Umande utokao nchi kavu alfajiri ulikitoa chombo Bagamoyo au Saadani kabla jua halijawa kali, na upepo wa baharini wa alasiri ulikirudisha siku nyingine.

Kalenda ya mwezi haikufaa kwa kazi hiyo, kwa sababu Ramadhani na Muharram huzunguka katika majira yote. Mabaharia wa Uswahilini walihesabu kwa jua. Walianzia Siku ya Mwaka, ile ambayo Makunduchi huiadhimisha hadi leo kwa Mwaka Kogwa, wakazigawa siku kumi kumi, na kila kumi ikawa mwongo mmoja. Nahodha aliyejua yuko mwongo wa ngapi alijua upepo gani unakaribia, na kama bado kuna nafasi ya kwenda Kilwa na kurudi kabla bahari haijachafuka.

Maji nayo yalifanya kazi ya gati. Siku za bamvua bahari ya Unguja hupanda na kushuka kiasi cha mita nne. Jahazi liliingia maji yakiwa yamejaa, likatia nanga karibu na ufuko, na maji yalipotoka likakaa juu ya mchanga. Wachukuzi waliliendea kwa miguu, magunia mabegani. Ghuba iliyoingia nyuma ya mji, kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, pamoja na fuko za Funguni na Malindi, zilitosha kuhudumia vyombo vingi kwa wakati mmoja bila jiwe hata moja la bandari.

Kabla ya mji

Desturi hii ni kongwe kuliko Mji Mkongwe wenyewe. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 unataja kisiwa cha Menuthias, kilicho chini na chenye miti mingi, ambacho watu wake walitumia mitumbwi na vyombo vya kushonwa kwa kamba kuvulia samaki na kasa. Wataalamu wanabishana kama kisiwa hicho ni Pemba, Unguja au Mafia. Ila vyombo vya kushonwa havina ubishi, kwani mtepe, uliounganishwa kwa kamba za usumba badala ya misumari na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, uliendelea kuonekana katika pwani hii hadi karne ya 20.

Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa, ilikuwa bandari kubwa kati ya karne ya 7 na ya 10, na vigae vya Uajemi na vya China vimefukuliwa huko. Baadaye ikafuata Tumbatu. Mwanajiografia Yaqut, aliyefariki mwaka 1229, aliandika kwamba watu wa Unguja walihamia Tumbatu, na kwamba wakazi wake walikuwa Waislamu. Magofu ya mawe ya Makutani, kusini mwa kisiwa hicho, yanaonyesha mji wenye misikiti na nyumba imara.

Tumbatu inaeleza vizuri kuliko mahali pengine popote maana ya kuishi kwa kuvuka. Ni kisiwa cha mawe, na maji yake matamu hayatoshi. Kwa vizazi vingi wakazi wa Jongowe na Gomani walivuka mlango wa bahari kwenda upande wa Mkokotoni kuchota maji, kulima na kuuza samaki, wakarudi na mitungi iliyojaa. Kazi hiyo ilifanywa hadi bomba lilipopitishwa chini ya bahari kutoka Unguja. Watu wanaohitaji chombo ili wapate maji ya kunywa hujifunza bahari mapema, na si ajabu kwamba Watumbatu walisifika pwani nzima kwa unahodha.

Chakula cha Malkia Fatuma

Wareno walipofika waligundua haraka kwamba anayevikamata vyombo vidogo ameushika mji. Mwaka 1503 Ruy Lourenço Ravasco alikaa katika maji ya Unguja akakamata vyombo vipatavyo 20 vilivyokuwa vikipita na shehena zao. Mfalme wa kisiwa alipojaribu kupambana alishindwa, akakubali kulipa kodi ya mithkali 100 za dhahabu kila mwaka. Silaha iliyomshinda ilikuwa mizinga, lakini kilichomuumiza kwanza ni kuzuiwa kwa mizigo.

Meli za mbali nazo zilikuja kutafuta riziki hapa. Meli ya Kiingereza Edward Bonaventure, chini ya James Lancaster, ilifika Unguja mwishoni mwa mwaka 1591 ikiwa imechoka na safari ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Ilikaa hadi Februari 1592 ikijaza maji na chakula na kusubiri upepo. Ndiyo meli ya kwanza ya Uingereza inayojulikana kutia nanga Unguja, na haja yake ya kwanza haikuwa dhahabu wala pembe. Ilikuwa maji, nyama na muda wa kupumzisha wagonjwa.

Safari ya riziki iliyoacha alama kubwa kuliko zote ilitoka Unguja kwenda Mombasa. Machi 1696 jeshi la Oman liliizingira Ngome ya Yesu. Ndani walijifungia Wareno wachache pamoja na Waswahili waliokuwa upande wao, na muda si mrefu njaa na maradhi vikaanza kuua zaidi ya risasi. Unguja wakati huo ilitawaliwa na Malkia Fatuma. Alikuwa ameshikamana na Wareno, na alipeleka vyombo vyenye chakula kaskazini, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, kwa watu waliokuwa wamezingirwa.

Safari hiyo ilidai ujasiri. Vyombo vyake vilipaswa kupita mkondo wa Pemba, kisha kupenya mbele ya vyombo vya Waomani vilivyokuwa vikilinda lango la Mombasa. Lakini chakula alichopeleka hakikuweza kuiokoa ngome. Baada ya miezi 33, Desemba 1698, ngome ilianguka. Unguja ikaingia chini ya Oman, na Fatuma akachukuliwa hadi Oman, akakaa uhamishoni kiasi cha miaka kumi kabla ya kurudishwa kwao. Malkia alipoteza kiti chake kwa sababu ya shehena za chakula. Waomani walielewa kwamba magunia yake yalikuwa na uzito sawa na mizinga.

Zao lisiloliwa

Karne ya 19 iliubadilisha mji na kuufanya uwe tegemezi zaidi. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Unguja, na mikarafuu iliyoletwa mwanzoni mwa karne hiyo ikaenea kuanzia Mtoni na Kizimbani hadi sehemu zote za magharibi na kaskazini zenye udongo mzuri. Inasimuliwa kwamba mwenye shamba alitakiwa kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Ardhi iliyokuwa ikitoa mpunga, muhogo na mtama ikageuzwa kuwa ya zao linalouzwa. Karafuu ilileta fedha, ikajenga majumba, ikavuta watumwa maelfu kwa maelfu kufanya kazi mashambani, lakini haikuweza kupikwa ikaliwa.

Hapo ndipo majahazi yalipopata kazi isiyokwisha. Mtama na mahindi vilitoka Mrima: Pangani, Saadani, Bagamoyo, Kilwa. Mpunga ulitoka Pemba, ambayo kwa karne nyingi ilikuwa ghala la Mombasa pia, kiasi kwamba Wamazrui wa Mombasa na watu wa Sayyid Said walipigana kwa ajili yake katika miaka ya 1820. Pwani ya Benadir ilileta samli na mifugo. Vyombo vya Shihiri na Sur vilileta tende, chumvi na papa mkavu, kitoweo cha maskini wa mjini na cha mashambani. Mchele wa Bara Hindi uliongezeka mwaka hadi mwaka.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja. Kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa, kikazamisha na kutupa ufukoni vyombo vilivyokuwa bandarini, pamoja na meli za Sultan Barghash. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Tokeo lake lilikuwa safari zaidi. Karafuu za Pemba zililetwa Unguja kwa vyombo ili zipimwe, zitozwe ushuru na kuuzwa, na wachumaji walivuka kwenda Pemba kila msimu, wengi wao kutoka kusini mwa Unguja. Pemba iliyokuwa ikijilisha ikaanza nayo kusubiri magunia kutoka nje.

Meli kubwa zilijaza maji Mtoni, pale kijito kinapoingia baharini kaskazini ya mji, mbele ya jumba la Sayyid Said. Sayyida Salme, binti yake aliyezaliwa hapo, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi maisha ya Mtoni na ya mjini yalivyounganishwa na mashua. Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, ndiye aliyeyaleta mjini kwa bomba maji ya Chemchem, na watu wakapumua.

Hakuna kuandika habari za vyombo hivi bila kutaja shehena yake ya aibu. Majahazi yaleyale yaliyochukua mtama kutoka Kilwa yalichukua watu. Waliobebwa kutoka Kilwa na Bagamoyo walijazwa katika vyombo visivyo na sitaha, na wengi hawakufika. Mkataba wa Juni 1873 ulilifunga soko la watumwa la Unguja, na meli ya kivita ya Uingereza HMS London ikawekwa bandarini kwa miaka kadhaa, mashua zake zikiwinda majahazi katika mikondo na milango ya visiwa. Sehemu ya mabaharia wenyewe walikuwa watumwa, waliotweka matanga na kusukuma pondo kwa faida ya mabwana zao. Kila gunia lililofika mjini katika zama hizo lilipita katika mikono hiyo pia.

Miti ya Rufiji

Biashara ya boriti ilikuwa na utaratibu wake. Vyombo viliingia delta ya Rufiji kwa vinywa vyake vyembamba, vikasubiri maji ya kujaa, vikasogea hadi ndani ya mikoko. Wakataji walifanya kazi katika tope maji yakiwa yametoka, wakaziburuta boriti hadi kwenye mitumbwi, na mitumbwi ikazipeleka chomboni. Miti ilipangwa kwa unene na urefu, kutoka fito nyembamba za kujengea kuta za udongo hadi nguzo nene. Kazi ilichukua wiki kadhaa, na mbu wa delta hawakumhurumia mtu.

Mahitaji hayakuwa ya Unguja peke yake. Ghuba yote, kuanzia Oman hadi Basra, haikuwa na miti ya kujengea, na nyumba za kale za Kuwait na Bahrain zina vyumba vyembamba kwa sababu ileile ya vyumba vya Kiponda. Mwaka 1938 na 1939 Mwaustralia Alan Villiers alisafiri na bumu la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Walipita pwani ya Somalia, Mombasa na Zanzibar, wakaishia Rufiji kupakia boriti za kurudi nazo nyumbani. Kitabu alichokiandika ni miongoni mwa ushahidi bora wa jinsi kazi ile ilivyowachosha mabaharia.

Delta hiyohiyo ilionja vita. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Ujerumani, Königsberg, iliizamisha HMS Pegasus ya Uingereza mbele ya Mji Mkongwe, kisha ikaenda kujificha Rufiji, katika njia za maji zilizojulikana vizuri na wabeba boriti. Ilizingirwa humo hadi Julai 1915, ilipoharibiwa na kuachwa majini. Kina cha maji na mikono ya mto, elimu ya kila nahodha wa jahazi, viliwasumbua maofisa wa majeshi mawili makubwa kwa miezi mingi.

Mpaka katikati ya maji

Mwaka 1890 ramani ilikatwa. Uingereza ikaitangaza Zanzibar kuwa chini ya ulinzi wake, Ujerumani ikauchukua ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani kwa malipo ya marki milioni nne, na Mafia ikaenda pamoja na pwani. Nahodha aliyekuwa akitoka Bagamoyo kwenda Malindi ya Unguja kama mtu anayetoka mtaa mmoja kwenda mwingine sasa alivuka mpaka wa dola. Alitakiwa kuwa na hati, bendera na risiti za ushuru.

Wengi walitabiri kwamba mipaka na meli za moshi zingeyamaliza majahazi. Haikuwa hivyo. Mwanahistoria Erik Gilbert, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2004 juu ya majahazi na uchumi wa kikoloni wa Zanzibar, ameonyesha kwamba biashara hiyo ilidumu na kustawi chini ya Waingereza hadi miaka ya 1960. Meli ya moshi ilihitaji gati, makaa ya mawe na shehena kubwa ya kuitosha. Jahazi liliingia Kipumbwi, Kwale au Chole, likasubiri magunia 40, likaondoka na upepo usiolipiwa. Mapato yaligawanywa kwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nahodha, na mafungu ya mabaharia baada ya gharama za chakula kutolewa. Safari ikiwa mbaya, wote waligawana hasara.

Hata visiwa vidogo vilivyo mbele ya mji viliishi kwa utaratibu huo. Bawe kilifanywa kituo cha waya wa simu wa baharini uliounganisha Zanzibar na Aden mwaka 1879. Changuu kilijengwa gereza mwaka 1893, likageuka kuwa karantini ya wasafiri. Chumbe kilipata mnara wake wa taa mwaka 1904. Mtunza taa, mgonjwa wa karantini na mfanyakazi wa simu, wote walisubiri mashua kutoka Forodhani iwaletee unga, mafuta na barua. Chumbe hakina maji matamu, na hata leo hoteli yake ndogo hukinga ya mvua.

Dago

Wavuvi nao walikuwa na safari zao za kisiwa hadi kisiwa, nazo huitwa dago. Watu wa Kojani, Tumbatu na Nungwi waliondoka na vyombo vyao kufuata samaki, wakapiga kambi kwa wiki au miezi katika visiwa na fuko za mbali: Misali, Mafia, Songosongo, pwani ya Kilwa, na kaskazini hadi pwani ya Kenya. Chombo cha dago kiliondoka na unga, maji, chumvi na sufuria. Kilirudi na samaki waliokaushwa kwa jua, kwa moshi au kwa chumvi.

Kati ya kuondoka na kurudi kulikuwa na biashara nyingi ndogo. Unga ukiisha, samaki walibadilishwa kwa muhogo wa wenyeji. Maji yakiisha, nahodha alijua kisima kipi cha kisiwa kipi kina maji matamu, na sheha gani wa kuombwa ruhusa. Wengi walioa huko, wakaacha watoto. Ndiyo maana mtu wa Kojani anaweza kuwa na shangazi Kilwa na binamu Shimoni, na ndiyo maana Kiswahili cha Kipemba husikika katika vijiji vya wavuvi mbali sana na Pemba. Dago halijafa: mashine za kusukuma chombo zimeingia, lakini mpangilio wa kambi ni uleule.

Miaka ya upungufu

Thamani ya jahazi ilionekana wazi kila njia kubwa ilipofungwa. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, na mchele uliokuwa ukitoka huko ukakatika. Meli za kawaida zilichukuliwa kwa kazi za vita. Zanzibar ikaingia katika mgao, watu wakahimizwa kupanda muhogo, na vyombo vya tanga vikarudi kuwa njia tegemeo kati ya visiwa na bara. Baada ya vita maisha yalibaki ghali. Agosti 1948 makuli wa bandari waligoma, na mgomo ukaenea mji mzima. Watu waliozoea kushusha magunia ya mji walipoketi chini, kila nyumba ilijua.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalibadilisha mengi. Mabumu ya Ghuba, ambayo tayari yalikuwa yakipungua kwa sababu mafuta yalikuwa yameipa Kuwait kazi nyingine, yalikoma karibu kabisa kuja kufanya msimu. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982, na ukataji mikoko Tanzania ukawekewa masharti makali.

Safari fupi, hata hivyo, hazikukoma. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilipunguza kuagiza chakula ikitaka visiwa vijitosheleze. Mchele, unga na sukari vikawa vya mgao na foleni. Usiku, vyombo vidogo vya Pemba vilivuka kwenda pwani ya Kenya na karafuu, vikarudi na vitu vilivyokosekana madukani. Serikali iliziita safari hizo magendo na kuweka adhabu kali kupita kiasi. Kwa aliyekuwa ndani ya chombo, ilikuwa njia ileile aliyopita babu yake kutafuta chakula, isipokuwa sasa aliipita bila taa.

Leo

Leo abiria huvuka kati ya Dar es Salaam na Unguja kwa boti ziendazo kasi kwa chini ya saa mbili na nusu, na sehemu kubwa ya mchele hufika katika makontena. Lakini mwenye kwenda bandari ya majahazi ya Malindi, au Mkokotoni, atakuta vyombo vya mbao vikishusha makaa, mbao, vitunguu na viazi kutoka bara. Vyombo vinavyotoka Kipumbwi, wilayani Pangani, bado hulenga Mkokotoni kama zamani. Vingi vina mashine, na tanga limebaki kwa dharura au kwa kuokoa mafuta. Nungwi bado kuna mafundi wanaoinua mbavu za chombo kwa macho bila mchoro, wakitia kalafati na kupaka mafuta ya sifa.

Na bahari haijapunguza hatari yake. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 meli ya Spice Islander I, iliyotoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza watu na mizigo kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi na kuua mamia. Wavuvi wa Nungwi walikuwa miongoni mwa watu waliokwenda kuokoa manusura. Wanaojua mkondo ule kwa mwezi na kwa mwongo ndio hao.

Ujuzi wao umeandikwa kidogo mno. Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la mwaka 1883, lilipokuwa makumbusho liliweka katika ukumbi wake wa chini mtepe uliojengwa upya na mafundi wa kizazi hiki, na wageni walisimama mbele yake kwa heshima. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo iliporomoka na kuua watu wawili. Jumba hilo likikamilika kukarabatiwa, kuna nafasi ya kuweka kando ya mtepe chombo cha kazi: mashua ya boriti au jahazi la mtama, na maelezo ya njia zake, mafungu yake na visima vyake. Nyaraka za Taifa, Kilimani, zinahifadhi kumbukumbu za serikali za zama za ushuru na hati za majahazi. Manahodha waliosafiri kwa tanga tupu, bila mashine, wengi wao wamezeeka, na bado wanapatikana Tumbatu, Nungwi na Kojani. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wanaweza kuwafikia wa Nungwi kwa daladala na wa Tumbatu kwa daladala na mashua, wakawauliza majina ya vituo, bei za nauli na hesabu za miongo, wakayaandika mwaka huu, wazee wakiwa hai.